Mume Wangu Amechezea Hela ya Mchezo, Anasema Si Kamari

Shikamoo Mama Mkubwa,

Naandika nikiwa ndani ya gari, nje ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Houston. Zamu ya usiku imeisha na miguu haitaki kwenda nyumbani, kwa sababu nikifika nitamkuta mume wangu mezani na simu yake, na siku hizi hatuna mazungumzo mengine ila hayo hayo.

Tuna miaka tisa ya ndoa na watoto wawili. Mume wangu anaendesha lori. Naomba umjue vizuri kabla sijamsema: hanywi, hajawahi kuninyooshea mkono, na watoto wakisikia gari lake wanakimbilia mlangoni. Ugonjwa wake ni mpira. Tangu tukiwa kwetu Tanga, yeye na wenzake aliosoma nao wana kundi la WhatsApp la ile fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, unapanga timu yako ya wachezaji wa kweli na unapata pointi kwa wanavyocheza uwanjani. Kila mtu anatoa shilingi 20,000 ligi inapoanza mwezi wa nane, na mwezi wa tano anayeongoza anachukua. Hilo sikuwahi kulipigia kelele. Lilikuwa jambo la kutaniana.

Miaka miwili iliyopita dereva mwenzake akamwonyesha fantasi za huku, zile za kila siku. Unapewa dola 50,000 za kuhesabia tu, si hela ya kweli, unanunua nazo wachezaji wa mechi za usiku ule, wa mpira wa kikapu au mpira wa Kimarekani. Hela ya kweli ni kiingilio. Wakicheza vizuri unapata pointi, na asubuhi unajua umeshika nafasi ya ngapi kati ya maelfu. Alianza na kiingilio cha dola 5. Sikujali. Halafu nikaona ana daftari. Anajua mchezaji gani wa Denver goti linamsumbua, anajua nani kapumzishwa Phoenix, lakini siku ya kuonana na mwalimu wa mtoto wetu mkubwa aliisahau.

Desemba ya mwaka juzi akashinda dola 3,400 kwa usiku mmoja. Mama Mkubwa, sitakuficha, nilifurahi. Alituma zote Tanga, zikanunua mbao na mabati, nyumba yetu ikaezekwa. Nikampikia biriani, nikaalika watu. Leo nikiikumbuka ile biriani roho inaniuma.

Sasa lililonileta. Tuko wanawake kumi na wawili hapa Houston, tunacheza mchezo. Kila mwezi kila mmoja anatoa dola 500, anayefikiwa na zamu anapokea 6,000. Mimi nilikuwa wa tatu. Nilipokea mwezi wa tatu, nikaziweka kwenye akaunti yetu ya pamoja, za kupiga sakafu na kutia madirisha. Mwezi wa nne fundi akapiga simu kuuliza mbona hela haiji. Nikafungua akaunti nikakuta 1,140.

Nilipomuuliza hakukana. Alisema zimeyumba kidogo, zitarudi. Nikamwambia, "Umekula hela ya mchezo kwa kamari." Hapo ndipo alipobadilika. Hakupiga kelele, alinyamaza kwanza, kisha akasema: "Usiniite mcheza kamari. Sijawahi kuweka mkeka maishani mwangu. Kamari ni bahati, hii ni akili." Akanionyesha kwenye simu kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 2006 imesema fantasi si kamari, na kwamba mahakama kuu kabisa ya New York imesema hivyo hivyo. Akamalizia kwamba hapa Texas kubeti mpira kumekatazwa, kwa hiyo kama hii ingekuwa kubeti isingekuwa inatangazwa kwenye televisheni mchana kweupe. Sikuwa na jibu. Mimi si msomi wa sheria.

Tangu siku hiyo anatembea kama aliyedhulumiwa. Na nimeona kitu kingine: siku hizi hapangi tena timu nzima. Anachagua wachezaji wawili au watatu tu, na kwa kila mmoja anabonyeza "zaidi" au "pungufu".

Nimeongeza zamu ili niendelee kulipa 500 za wenzangu kila mwezi. Naomba uniambie. Hii ni kamari au mimi ndiye nisiyeelewa? Kama si kamari, nimemvunjia heshima mume wangu na nimwombe radhi. Kama ni kamari, yale mabati juu ya nyumba yetu nifanye nayo nini? Na je, nimwambie kijumbe wetu, au nimwambie kaka yangu aliyenioza?

Mama wa Wawili, Houston


Marahaba mwanangu,

Hujamvunjia heshima. Nianze na hilo ili uweze kuwasha gari ukalale.

Kwangu mimi alichofanya mumeo kwa hela ile ni kamari, na nitakueleza kwa nini. Lakini sitakudanganya kwamba amelitoa neno lake hewani. Hayo aliyokuonyesha yapo kweli. Watu wazima wenye majoho wamebishana juu ya swali lako kwa zaidi ya miaka kumi na hawajaafikiana, kwa hiyo usijione mjinga kwa kukosa jibu usiku ule.

Sheria ya 2006 ilitungwa kuzuia malipo ya kamari za intaneti, na ndani yake fantasi ziliachwa nje kwa masharti: zawadi zitangazwe kabla, zisitegemee idadi ya walioingia, ushindi uonyeshe ujuzi wa mchezaji, na usitegemee mwanamichezo mmoja peke yake katika mechi moja. Mumeo amesoma hapo akaishia hapo. Sheria hiyo hiyo inasema pia kwamba haibadilishi sheria ya jimbo lolote. Maana yake, kilichokatazwa na jimbo kinabaki kimekatazwa. Tena angalia mwaka wenyewe. Mwaka 2006 fantasi iliyojulikana Marekani ilikuwa kama ile ya wenzake wa Tanga: kundi la marafiki, msimu mzima, mshindi mwisho wa ligi. Kampuni kubwa mbili za fantasi za kila siku zilikuja baadaye: FanDuel ilianza 2009, DraftKings 2012. Jim Leach wa Iowa, mbunge aliyeisukuma sheria hiyo, alisema waziwazi mwaka 2015 kwamba wao hawakukusudia wala kuyaona yaliyokuja kufanywa kwa kivuli chake.

Hiyo 2015 ndipo mambo yalipofumuka. Matangazo yalikuwa kila mahali, ukiwasha televisheni huna pa kukimbilia. Mwezi wa kumi Nevada, jimbo la Las Vegas, watu wanaoijua kamari kuliko yeyote, wakasema hii ni kamari na anayetaka kuiendesha kwao akate leseni ya kamari. Mwezi uliofuata mwanasheria mkuu wa New York, Eric Schneiderman, akaziamuru kampuni zile mbili zisimame. Mwaka 2016 bunge la New York likatunga sheria ya kuziruhusu. Watu wakaenda mahakamani kupinga, kwa sababu katiba ya jimbo lile inakataza kamari. Mahakama ya chini ikasema ni kamari. Ya rufaa ikasema ni kamari. Ya juu kabisa, mwezi wa tatu 2022, ikasema si kamari.

Hiyo hukumu ya mwisho ndiyo aliyokuonyesha. Muulize kama alisoma majaji walikuwa wangapi kila upande. Walikuwa wanne dhidi ya watatu.

Sasa turudi Texas mnakoishi, maana ninyi hamkai New York. Januari 2016 mwanasheria mkuu wa Texas, Ken Paxton, alitoa maoni yake kwa maandishi. Sheria ya Texas inasema dau ni makubaliano ya kupata au kupoteza kitu cha thamani kwa bahati tupu au kwa sehemu. Kwa sehemu, mwanangu. Si lazima iwe bahati yote. Na msamaha ambao sheria hiyo inautoa kwa mashindano ya ujuzi, alisema, ni wa wanaoshindana wenyewe, yaani anayekimbia na kurusha mpira, si aliyekaa kwenye kochi akimhesabia pointi. Kwa hiyo akaona mahakama ikiulizwa huenda ikasema hii ni kamari haramu. Maoni ya mwanasheria mkuu si hukumu, na ndiyo maana matangazo bado unayaona. Kutangazwa mchana kweupe hakujawahi kuwa cheti cha uhalali. Mwezi wa saba 2025 mwanasheria mkuu wa California, Rob Bonta, naye akaandika yake: kwa sheria ya jimbo lake, fantasi hizi za kulipia zimekatazwa. Huko nako mtu angeweza kuziona kwenye simu yake siku ile ile.

Na kuna mwingine ambaye mumeo hatapenda kumsikia. Mamlaka ya kodi ya Marekani, mwaka 2020, wanasheria wake waliandika kwamba kiingilio cha fantasi za kila siku ni dau. Basi jambo moja, nchi moja: jaji anaita ujuzi, mtoza kodi anaita dau.

Yatosha ya mahakama. Nataka nikupeleke Korogwe.

Nilipokuwa binti, basi la Dar likisimama pale abiria wakashuka kula, kulikuwa na kijana na meza ndogo na karata tatu. Anazionyesha, anazigeuza, anazizungusha, wewe unaweka hela juu ya ile unayoamini ndiyo yenyewe. Mjomba wangu mmoja, mtu mwenye akili zake, aliacha pale nauli ya wiki nzima. Alikuwa akirudia neno hilo hilo la mumeo: si bahati, ni macho, mtu ukiwa makini unaiona. Na alikuwa sahihi. Karata tatu haina bahati hata chembe. Ni ustadi mtupu. Ila ustadi ulikuwa wa yule kijana.

Fantasi si wizi kama karata tatu, nisiwasingizie watu. Hakuna anayekuficha karata. Lakini swali la kuuliza ni lile lile. Ustadi upo, sawa. Ni wa nani?

Mwaka 2015 kampuni ya McKinsey ilichambua nusu ya kwanza ya msimu wa besiboli. Ikakuta asilimia 91 ya faida yote waliyopata wachezaji wa fantasi ilikwenda kwa asilimia 1.3 ya wachezaji. Schneiderman naye alipoifikisha DraftKings mahakamani alionyesha kwamba kwa mwaka 2013 na 2014 asilimia 89.3 ya wachezaji wake walitoka na hasara. Mwezi wa kumi 2016 kampuni zile mbili zililipa New York dola milioni 6 kila moja kumaliza kesi ya matangazo ya kupotosha, maana matangazo yalimwonyesha mtu wa kawaida akiondoka na hundi kubwa.

Ukiyaweka hayo pamoja utaona kitu ambacho mumeo hajakiona. Mahakama ya juu ya Illinois, mwaka 2020, katika kesi ya mtu aliyedai arudishiwe dola 200 alizopoteza, ilisema haya ni mashindano ya ujuzi kwa sababu imethibitika kwamba wajuzi huwashinda wasio wajuzi. Mumeo anaisoma hukumu ya namna hiyo anafarijika. Angeogopa! Kama ni bahati, siku moja ingemwangukia. Kama ni ujuzi, basi kila usiku anakaa meza moja na watu ambao kazi yao ni hiyo tu, wenye programu za kompyuta zinazowapangia timu mia na hamsini katika shindano moja, na yeye ametoka kuendesha lori kwa muda wa saa kumi, ana daftari lake tu. Hoja yake ya akili ndiyo inayomtia hatiani mfuko wake.

Tena bado hatujahesabu makato. Chukua shindano la watu wawili, kila mmoja anatoa dola 10. Mshindi hapewi 20. Anapewa 18 hivi, mwenye tovuti amechukua chake. Kwa hesabu hiyo, katika mapambano 100 mumeo ni lazima ashinde 56 ndipo asipoteze kitu. Akishinda 55, ambayo ni zaidi ya nusu, ambayo kwenye mpira ungeitwa bingwa, yuko hasara dola 10.

Lakini kilichonishtua kwenye barua yako ni ule mstari wa "zaidi" au "pungufu". Umeuandika kama wa kupita tu, na mimi ndio nimeusoma mara tatu. Huo si mchezo ule alioanza nao. Kule alikuwa anapanga timu na kushindana na watu. Huku anatabiri kama fulani atafunga zaidi ya pointi 24 na nusu, na fulani atadaka mipira chini ya saba na nusu, na wote wakitimia analipwa. Huo ni mkeka, mwanangu. Wameupaka rangi nyingine tu, na kwa jimbo kama lenu ambalo kubeti mpira hakujaruhusiwa, ndio unaoingia pale mkeka usipoweza kuingia. Mpe hesabu hii: wachezaji wawili, kila mmoja ni nusu kwa nusu, nafasi ya wote wawili kutimia ni moja kati ya nne. Malipo yake mara nyingi ni mara tatu ya dau. Akiweka dola 10 mara 100 ametoa 1,000. Atapata mara 25, kila mara 30, jumla 750. Hizo 250 zimekwenda bila mtu yeyote kukosea.

Na mtu anayehama kutoka mchezo wa kufikiri saa mbili kwenda wa kubonyeza mara mbili, mara nyingi ni mtu anayefukuzia hasara. Anataka zirudi upesi kabla hujafungua akaunti. Hapo akili imeshatoka mezani.

Wenzake wa Tanga na shilingi 20,000 zao? Umewataja kwa pembeni, nikujibu kwa pembeni. Hesabu ya kidini sheikh anaweza kuwabana na hao pia, kwa sababu kila mmoja ametoa na mmoja anachukua. Bao ni akili tupu na hakuna anayeliita kamari, lakini wachezaji wawili wakiweka hela katikati ya bao, wazee wa msikitini hawataliangalia tena kwa jicho lile. Ila kwa madhara, havifanani. Kule ni dau moja kwa mwaka, kati ya watu wanaofahamiana, na hakuna anayekata chake. Huku mlango uko wazi kila usiku na simu inamwita kwa jina.

Sasa naomba unisikilize vizuri kwenye jambo ambalo naona hata wewe hujaliona.

Unasema amekula hela yenu. Hebu hesabu. Ulipopokea zamu yako ulikuwa umetoa mara tatu, dola 1,500. Ukapokea 6,000. Hizo 4,500 zilizozidi bado hazikuwa zenu. Zilikuwa za wale wanawake tisa wanaosubiri zamu zao, wamekukopesha bila karatasi, bila riba, bila kukuuliza mshahara wako, kwa sababu wanakujua. Kwenye akaunti zimekosekana 4,860. Mumeo alitoa hela yenu yote, akaingia na ya wanawake ambao baadhi yao wanaosha wazee usiku kama wewe. Tafadhali mwambie hivyo, kwa namba hizo. Sisi tunaita mchezo, na katika mchezo wetu kila aliyeweka anapata alichoweka, hakuna anayeondoka mikono mitupu. Huo wake unaitwa mchezo pia. Akae aulinganishe mwenyewe.

Kwa hiyo kijumbe: usimpelekee habari za chumbani kwako. Lakini usiruhusu hata mwezi mmoja upite bila 500 yako. Ukiona mwezi hautafika, mwambie kijumbe kabla ya tarehe, si baada ya tarehe. Wanawake wengi nimewaona wakivunjika heshima si kwa kukosa hela bali kwa kuzima simu. Na usikope kwa kadi ili kuziba pengo. Kadi za huku riba yake itakumaliza kuliko hiyo fantasi.

Kaka yako, ndiyo, mwambie. Yeye peke yake, si ukoo. Kama mumeo ana mtu wa upande wake anayemheshimu, aliyesimama naye siku ya ndoa kwa mfano, naye aje. Wawili hao wakae naye bila wewe kwanza. Mwanaume anayeona aibu mbele ya mkewe mara nyingi hujificha kwenye sheria za New York. Mbele ya rafiki yake anaweza kusema tu kwamba amezama.

Mshahara wako uingie akaunti yako peke yako kuanzia mwezi huu. Usimfiche, mwambie kabla hujafanya, mwambie ni mpaka zamu ya mwisho ya mchezo imelipwa. Tovuti hizi zina sehemu ya kujiwekea kikomo cha hela za kuingiza, na nyingine ya kujifungia kabisa kwa muda unaoutaka. Aifanye yeye mwenyewe, mbele yako, kwa kila tovuti aliyo nayo, na zile za "zaidi" na "pungufu" zisisahaulike. Kuna simu ya bure ya hapa Marekani, 1-800-GAMBLER, inapokelewa usiku na mchana, na hata wewe mke unaweza kuipiga, si lazima awe yeye. Kuna pia Gam-Anon, mikutano ya ndugu na wake na waume wa watu waliobanwa na kamari. Najua kwetu hatujazoea kukaa na wageni na kusema ya nyumbani. Nenda mara moja usikilize tu.

Kuhusu dini, mimi si sheikh na sitajivika kilemba. Unajua kama ninavyojua kwamba Sura ya Al-Maida, aya ya 90, inaitaja kamari pamoja na ulevi, na inayofuata inasema shetani anataka kutia uadui kati yenu kwa vitu hivyo. Hiyo ya uadui umeiona mwenyewe mezani kwako. Ninachokuomba ni kwamba swali lifike kwa sheikh likiwa zima. Mumeo akiuliza, "Je, mashindano ya kuujua mpira yanafaa?" atajibiwa yanafaa. Aulize hivi: tuko watu maelfu, kila mmoja ametoa hela, mwenye tovuti amekata chake, wachache wanachukua za wengi, nami nikikosa sirudishiwi. Asikilize atakachojibiwa.

Na mabati. Usiezue nyumba. Hela ile iliingia, wewe ukiamini mumeo ameshinda shindano, na ukampikia kwa moyo safi. Hiyo biriani acha kujilaumu nayo, mwanangu, mke kufurahi na mumewe si dhambi. Wanazuoni wengi wakiulizwa juu ya hela ya namna hiyo huelekeza mtu akadirie kiasi kilichoingia akitoe kwa wenye shida kadiri anavyoweza, taratibu, bila kutafuta sifa. Sheikh wenu atawapimia. Lakini liwe la baadaye. Kwanza hela za wale tisa, ndio wenye haki iliyo hai, kila mwezi, mpaka wa mwisho apokee.

Fundi mwambie leo kwamba kazi imesimama, atafute nyingine. Usimwache akisubiri kwa ahadi.

Kisha Jumapili, watoto wakilala, ukae na mumeo. Neno kamari usilitaje kabisa. Mmeshalipigania mpaka limechakaa, na kila ukilitaja anapata pa kujibu. Mwambie afungue historia ya akaunti yake katika kila tovuti, zote huiweka: hela alizoingiza tangu siku ya kwanza, na hela alizotoa. Zile 3,400 za Desemba nazo zihesabiwe kwenye zilizotoka, usimpunje. Achukue lile daftari lake la wachezaji, ukurasa mpya, aandike namba hizo mbili kwa mkono wake mwenyewe, wewe ukiwa umekaa kimya pembeni yake.